PEUGEOT 504: GARI LILILOPENDWA NA LILILOOGOPWA

Miongoni mwa magari yaliyowahi kutumiwa na vyombo vya ulinzi na usalama katika Afrika ya Mashariki, ni machache yaliyojipatia sifa kubwa kama Peugeot 504, ambalo wananchi wengi walilizoea kwa jina la Pijo. Lilikuwa gari la waziri na la mkuu wa wilaya; lilikuwa gari la polisi, la daktari, la mfanyabiashara na la abiria wa safari ndefu. Kwa watu wa Uganda, hata hivyo, jina hilo lina kumbukumbu mbili zisizofanana. Kuna kumbukumbu ya gari lililofika salama mahali ambapo mengine yalikwama, na kuna kumbukumbu ya gari ambalo, likisimama mlangoni usiku, waliomo nyumbani walikata tamaa ya kuiona asubuhi.

Tumeona inafaa kuwaletea ndugu zetu askari na polisi, hasa wale wanaotumikia Arua na Koboko, historia ya gari hilo. Inalo fundisho ambalo kila anayekabidhiwa gari la serikali hana budi kulishika: chuma hakina nia. Heshima ya gari la ulinzi, au hofu yake, hutoka kwa yule aliyeshika usukani na kwa yule aliyempa amri.

KUZALIWA KWAKE

Kampuni ya Peugeot ya Ufaransa ilikuwa imekwisha kujulikana barani Afrika kabla ya 504. Mwaka 1960 ilitoa gari la 404, na gari hilo ndilo lililofungua njia katika nchi zetu. Katika mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki, ambayo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 yalipita pia Uganda na Tanzania, 404 lilishinda mwaka 1963 likiendeshwa na Nick Nowicki na Paddy Cliff. Likashinda tena mwaka 1966 na mwaka 1967 mikononi mwa Bert Shankland, aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam, pamoja na Chris Rothwell. Mwaka 1968 Nowicki na Cliff walilirudishia ushindi kwa mara ya nne. Watu waliokaa kando ya barabara na kuliona gari likipita katika tope hawakuhitaji tangazo lingine.

Mwaka huohuo wa 1968 ndipo 504 lilipotokea. Lilikusudiwa kuonyeshwa mapema zaidi, lakini migomo na ghasia zilizoikumba Ufaransa mwezi Mei mwaka ule zilichelewesha kazi, hata likaja kuonekana hadharani mnamo Septemba. Umbo lake lilichorwa na nyumba ya Pininfarina ya Italia, na makao yake ya uundaji yalikuwa kiwanda cha Sochaux, mashariki ya Ufaransa. Mwaka 1969 lilitunukiwa cheo cha Gari la Mwaka la Ulaya. Injini yake ya kwanza ilikuwa ya sentimita za ujazo 1,796. Mwaka 1970 ikaongezwa hadi 1,971.

Katika Safari nalo halikuaibisha jina la mtangulizi wake. Mwaka 1975 Ove Andersson wa Sweden, akiongozana na Arne Hertz, alishinda kwa 504. Mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas na Jean-Claude Lefebvre walishinda kwa 504 la milango miwili lenye injini ya silinda sita. Mashindano hayo yalikuwa yakipita katika barabara za wananchi zenye mashimo, vumbi na mafuriko ya masika, kwa hiyo ushindi wake ulikuwa ushahidi wa kutosha kwa serikali zilizotaka magari ya kazi.

SIRI YA UIMARA WAKE

Wapo wanaodhani kwamba 504 lilidumu kwa sababu ya unene wa bati. Sivyo. Lilidumu kwa sababu liliundwa kwa fikra ya kwamba siku moja litaharibika, na kwamba atakayelitengeneza huenda akawa fundi mmoja chini ya mwembe mwenye spana chache.

Tuanze na miguu yake. Gari la abiria watano lilikuwa na magurudumu manne ambayo kila moja lilifanya kazi peke yake juu ya springi ndefu na laini. Gurudumu moja likiingia shimoni, mengine matatu yaliendelea kukanyaga ardhi, na gari halikurushwa nje ya njia. Lile refu la kubeba abiria saba au mizigo lilipewa nyuma ekseli nzima yenye springi nne, ili liweze kustahimili uzito.

Aidha, shafti inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma ilifungwa ndani ya bomba, ikakingwa dhidi ya tope na mawe. Injini ililazwa upande kwa nyuzi 45 ili boneti iwe chini, na silinda zake zilikuwa na vikopo vya chuma vinavyoweza kutolewa na kuwekwa vipya. Maana yake ni kubwa kwa mtu wa mbali na mji: silinda zikilika, fundi hakulazimika kuipeleka injini nzima kwenye mashine ya kuchonga. Alitoa vikopo vya zamani na pistoni zake, akaweka vingine, na gari likarudi barabarani.

Jambo hili si la Peugeot peke yake. Huko Marekani na Kanada polisi walilipenda kwa miaka mingi gari kubwa la Ford liitwalo Crown Victoria, lenye injini ya silinda nane ya lita 4.6, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, na lenye bodi iliyoketishwa juu ya fremu ya pekee kama lori. Lilikunywa mafuta mengi, wala halikuwa gari la kisasa. Lakini likigongwa lilinyoshwa, na spea zake zilipatikana kila mahali. La mwisho lilitoka katika kiwanda cha St. Thomas, Ontario, tarehe 15 Septemba 2011, na baadhi ya idara za polisi zilikuwa zimekwisha kununua mengine ya akiba kabla ya mlango kufungwa. Askari wa nchi tajiri na askari wa nchi maskini walifikia uamuzi mmoja: gari bora la kazi ni lile unaloweza kulifufua mahali ulipo.

KATIKA KAZI YA SERIKALI

Kwa sifa hizo, 504 liliingia katika utumishi wa serikali nyingi. Ufaransa kwenyewe lilitumiwa na jandarma. Nigeria ilifungua kiwanda cha kuliunganisha huko Kaduna mwaka 1975, likawa gari la maofisa na la polisi katika nchi nzima. Jirani zetu wa Kenya waliliunganisha Mombasa hadi mwaka 2004, zaidi ya miaka 20 baada ya Ufaransa kuacha kulitengeneza gari la abiria la aina hiyo mwaka 1983. Polisi wa Kenya walilitumia kwa kazi za kila siku, huku magari marefu ya abiria saba yakijaza vituo vya mabasi kwa safari za miji ya mbali. Jumla ya magari yaliyoundwa duniani ilipita milioni tatu.

Hapa Uganda pia lilikuwa gari la kutamaniwa. Yafaa kukumbuka kwamba toka Kampala hadi Arua ni karibu kilomita 500, na enzi zile sehemu kubwa ya njia ya kuja Nile ya Magharibi ilikuwa ya udongo na changarawe. Mtumishi wa serikali aliyepewa Pijo alihesabiwa kuwa amepewa miguu ya kuaminika.

GARI LILELILE, KAZI NYINGINE

Sasa tufike kwenye sehemu nzito ya historia hii, ambayo mwandishi mwaminifu hawezi kuiruka.

Baada ya mapinduzi ya tarehe 25 Januari 1971, serikali ya Idi Amin iliunda idara ya upelelezi iliyokuja kujulikana kama State Research Bureau, yenye makao yake Nakasero, Kampala. Watu wake hawakuvaa sare. Walitembea katika magari ya kawaida ya abiria, na miongoni mwa magari hayo Peugeot 504 lilikuwa maarufu kuliko mengi. Raia walijifunza kuzitambua herufi za namba zake, wakafundishana kwa kunong'onezana. Waliokamatwa walitiwa ndani ya buti mchana kweupe, na wapita njia waligeuza nyuso zao.

Tarehe 21 Septemba 1972 watu wenye silaha waliingia katika Mahakama Kuu ya Kampala, wakamtoa Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka, mtu aliyekuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda. Kwa maelezo ya walioshuhudia, walimpakia ndani ya Peugeot 504 wakaondoka naye. Hakurudi. Ndugu msomaji, fikiri jambo hilo kwa utulivu. Nchi iliyomwona msimamizi mkuu wa sheria akichukuliwa hivyo, ingewezaje tena kulitazama gari la serikali bila kutetemeka?

Gari halikuwa limebadilika. Springi zake zilikuwa zilezile zilizosifiwa katika Safari, na injini ilikuwa ileile iliyompeleka daktari kwa mgonjwa. Lakini halikuwa na alama ya kumwambia raia ni la nani, waliomo hawakuwa na sare wala jina, hakuna aliyeeleza sababu ya kukamata, na safari yake haikuishia katika kituo kinachojulikana. Mambo hayo manne yalitosha kuligeuza gari la heshima kuwa jeneza lenye magurudumu.

Tunaandika haya tukijua kwamba Amin alikuwa na asili ya Koboko, na kwamba kwa muda mrefu watu wa Nile ya Magharibi walitwishwa mzigo wa makosa ya utawala ule kana kwamba kila mama wa sokoni Arua na kila mkulima wa Koboko alikuwa ameketi katika ofisi za Nakasero. Hiyo haikuwa haki. Wengi walikuwa raia waliokuwa wakilima tumbaku na mihogo, na adhabu waliyoipata baadaye ilikuwa kali.

MAGARI YAFA, HOFU YABAKI

Utawala huo uliyaua hata magari yenyewe. Mwezi Agosti 1972 Waasia waliamriwa kuondoka nchini katika muda wa siku 90. Wengi wao ndio waliokuwa na maduka ya spea na gereji kubwa. Maduka yakagawiwa watu wasioijua kazi, fedha za kigeni zikapungua, na vifaa vikaadimika. Magari yaliyoweza kuishi miaka 20 yalikufa kwa kukosa kichujio cha mafuta au mpira wa breki. Ikawa desturi kulichinja gari moja ili kuliponya jingine.

Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, barabara ya kaskazini ikawa njia ya kukimbilia. Askari waliokuwa wakikimbia waliwanyang'anya raia magari yao, wakayaendesha kuelekea mpakani. Mwanzoni mwa Juni majeshi ya Tanzania yalikuwa yamefika mpaka wa Sudan, na vita vikaisha.

Lakini kwa mwananchi, mlio wa gari la askari haukurudi kuwa mlio wa usalama. Katika miaka ya kwanza ya 1980 yakazuka maneno mawili ya Kiswahili ambayo hadi leo yanawatia uchungu Waganda wengi: panda gari. Hivyo ndivyo zilivyoitwa operesheni za kuwakusanya watu mitaani na kuwapakia katika malori, wenye hatia na wasio na hatia pamoja. Lugha ya jeshi, ambayo ingekuwa kiungo cha makabila yetu, ikawa lugha ya vitisho. Hapa Arua hakuna anayehitaji kukumbushwa tarehe 24 Juni 1981, ambapo askari wa UNLA waliwaua raia waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Wakatoliki ya Ombaci. Maelfu ya watu wa Nile ya Magharibi waliishi miaka mingi ukimbizini Sudan na Zaire.

Tunaona basi kwamba Pijo lilipoondoka, ubaya haukuondoka nalo. Ulipanda lori. Huu ndio uthibitisho wa neno tulilotangulia kulisema, kwamba chuma hakina nia.

ARUA NA KOBOKO KATIKA WAKATI HUU

Hali ya nchi imebadilika. Barabara itokayo Vurra, kupitia Arua na Koboko hadi Oraba mpakani mwa Sudan Kusini, iliwekwa lami katika miaka ya 2010. Koboko ilipata wilaya yake mwaka 2005, na Arua ikawa jiji mwaka 2020. Malori ya mizigo hupita usiku na mchana. Mahali ambapo nchi tatu zinakutana hapakosi magendo, wizi wa mifugo na wageni wanaokimbia vita, kwa hiyo gari la doria lina kazi kubwa kuliko zamani.

Gari lenyewe siku hizi ni jingine. Doria nyingi hufanywa kwa magari ya wazi nyuma, ambayo raia huyaita kabangali. Hata hivyo mafundisho ya 504 hayajachakaa.

Fundisho la kwanza ni la matunzo. Gari lililoundwa vizuri kuliko yote hufa kwa uzembe wa dereva mmoja. Kila dereva na apime oili, maji na upepo wa tairi kabla ya kuwasha injini, na aandike katika kitabu cha safari ukweli wa alikokwenda na kasoro aliyoiona. Tujihadhari pia na mafuta. Tangu miaka ya 1980 mji wa Arua umejulikana kwa vijana waitwao Opec Boys, waliouza kando ya barabara mafuta yaliyovushwa mpakani kwa majerikeni. Waliwasaidia wengi katika nyakati za uhaba; lakini mafuta yasiyojulikana yalikotoka, yakiwa yamechanganyika na maji au mafuta ya taa, huharibu injini upesi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwananchi wa Koboko aliyevamiwa usiku hawezi kuokolewa na gari lililoegeshwa juu ya mawe.

Fundisho la pili ndilo kubwa zaidi, nalo ni la kujulikana. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika kifungu cha 23, imeweka masharti ambayo kila mmoja wetu anapaswa kuyajua kama anavyoijua namba ya bunduki yake. Mtu anayekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake na haki yake ya kupata wakili. Awekwe mahali palipoidhinishwa na sheria. Jamaa zake waarifiwe, akiomba hivyo, mapema iwezekanavyo. Tena, asipoachiliwa, afikishwe mahakamani kabla ya kupita saa 48.

Ukiyatazama masharti hayo kwa makini utaona kwamba yanajibu, moja baada ya jingine, maovu yaliyotendwa katika magari ya miaka ile. Palipokuwa na kimya, pawe na maelezo. Mahali pa siri pachukuliwe na kituo kinachojulikana. Mke asihangaike kutoka kambi hadi kambi akimtafuta mumewe, apewe habari. Waliotunga Katiba walikuwa watu waliosikia milio ya buti zikifungwa.

Kwa hiyo tunawaasa makamanda wa vikosi na vituo vyetu: gari la kazi liwe na namba zake, zisafishwe tope ili zisomeke. Anayekwenda kukamata avae sare au aonyeshe kitambulisho, ajitaje, na aseme anampeleka mtu wapi. Arua wapo wengi wanaosema Kilugbara, na Koboko wapo wanaosema Kikakwa. Askari asiyezijua lugha hizo atumie Kiswahili chenye adabu au amtafute mkalimani. Neno "panda gari" linaweza kutamkwa na mwizi kama linavyotamkwa na polisi. Kinachowatofautisha ni yale yanayotangulia neno hilo na yale yanayolifuata.

Huenda baadhi ya askari wakadhani kwamba kuogopwa ni nguvu. Historia inakataa. Idara ile ya Nakasero iliogopwa kuliko chombo chochote katika nchi hii, lakini vita vilipofika, serikali iliyoitegemea haikupata mwananchi wa kuitetea. Mwananchi anayelikimbia gari lako hatakwambia mwizi amepita wapi, wala silaha zimefichwa katika shamba gani, wala ni njia ipi ya porini inayotumiwa na wavushaji wa magendo. Doria inayoogopwa na raia ni doria kipofu, hata ikiwa na gari jipya kabisa.

Peugeot 504 yaliyobaki ni machache, na vijana wanaoingia jeshini leo huenda hawajawahi kupanda hata moja. Lakini kila asubuhi, katika kambi na vituo vya Arua na Koboko, askari hukabidhiwa ufunguo wa gari la umma. Akumbuke kwamba ufunguo ule ni amana. Gari lake likisimama mbele ya nyumba ya mtu usiku, na waliomo ndani wakafungua mlango bila hofu, basi ajue kwamba kazi yake ameitenda.